Printa ya tarehe ya Nairobi inamaliza mekapu haraka kuliko ya Mombasa. Kwa nini? Na ni uvumbuzi gani umewapunguzia kazi kweli?

#1 Supa_LungaLunga
Habari zenu wadau. Nasimamia laini ya maji ya chupa hapa Industrial Area. Tuna printa mbili za kupiga tarehe na nambari ya bechi, zile za wino unaozunguka, aina moja, zilinunuliwa pamoja. Moja iko hapa, nyingine iko kiwanda chetu cha Mombasa. Wino mmoja, mekapu moja (solventi, kile kimiminika cha kulainisha wino usizidi kuwa mzito), muuzaji mmoja. Ya hapa inamaliza chupa ya mekapu mapema zaidi, na tofauti si ndogo. Mombasa ndiko kwenye joto, kwa hiyo nilitegemea kinyume. Fundi aliletwa, akabadilisha filta, akaandika "sawa" kwenye karatasi, akaenda zake.

Swali la pili. Kila muuzaji anakuja na kipeperushi cha kichwa kipya (sehemu inayorusha wino) chenye kasi zaidi. Mimi nasema uvumbuzi uliosaidia viwanda hauko kichwani, uko kwenye utunzaji wa wino: kuurudisha, kuupima uzito (yaani mnato wake, si kilo), kuusafisha. Nani anapinga?

#2 KijanaWaRuaraka
Mwinuko huo. Nairobi iko karibu mita 1,800, hewa ni nyepesi, kimiminika kinaruka kuwa mvuke haraka. Hata maji yanachemka nyuzi 94 hapa. Swali limeisha.

#3 Fundi_BabaDogo
Kijana, mwinuko upo lakini usiutwishe kila kitu.

Watu waelewe kwanza mashine inafanya nini. Kwenye printa hii wino hautoki wakati wa kuchapa tu. Unatoka muda wote mashine ikiwa imewashwa. Pampu inausukuma kwenye nozo, ule mdomo wa kutolea wino, yenye tundu la mikroni 60 au 70 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kipande cha piezo, kinachotetema kikipewa umeme, kinautikisa mara elfu sitini na zaidi kwa sekunde, mkondo unakatika kuwa matone. Tone linalotakiwa kwenye chupa linapewa chaji palepale linapokatika, kisha linapita kati ya sahani mbili zenye volti elfu kadhaa na kupinda kulingana na chaji yake. Lisilotakiwa halichajiwi. Linanyoosha njia hadi kwenye guta, kile kijibomba cha kudaka wino, na kurudi tangini. Karibu wino wote unarudi.

Sasa guta hainyonyi wino peke yake, inanyonya na hewa. Hewa hiyo inaingia tangini, inabeba mvuke wa solventi, halafu ni lazima itoke kwa bomba la kupumulia. Hapo ndipo pesa yako inapotelea. Piga hesabu: tundu la mikroni 70, mwendo wa mita 20 kwa sekunde, unapata kama mililita 4.6 kwa dakika. Lita nzima ya wino inazunguka yote kwa muda usiofika saa nne. Katika siku moja ya kazi wino uleule umekutana na hewa mara kadhaa.

Nikiitwa kwako naanza na guta. Ikivuta kwa nguvu kupita kiasi, inavuta hewa ya bure, na kila lita ya hewa inatoka na solventi yako.

#4 Mama_Bechi
Asante fundi, umeeleza nikaelewa kitu ambacho hakuna muuzaji aliyewahi kunieleza.

Supa, stima kwenu ikoje? Kwetu ikipotea mara mbili kwa shifti, mekapu inashuka. Mashine ikizimwa vizuri inajiosha: inapitisha solventi kwenye nozo na guta ili wino usikaukie humo. Ikiwashwa inaosha tena. Stima ikikatika ghafla haipati nafasi ya kujiosha, basi fundi anaosha kwa mkono na chupa ya kubinya, anamwaga kuliko mashine yenyewe ingetumia.

Kwa swali la pili, kura yangu ni kujiosha. Wasichana wangu wa zamu ya asubuhi walikuwa wanaanza siku kwa kuchokoa nozo huku laini imesimama na madereva wanapiga honi getini. Sasa wanabonyeza kitufe na kusubiri dakika chache.

#5 Mwl_Fizikia
#2 na #3 mnazungumzia vitu viwili tofauti.

Kiasi cha mvuke ambacho lita moja ya hewa inabeba ikiwa imeshiba hakitegemei shinikizo la hewa. Kinategemea joto. Kama pampu zote mbili zinavuta lita zilezile na hewa inatoka ikiwa imeshiba, Nairobi na Mombasa zinapoteza solventi sawasawa, mradi joto la tangi ni moja. Mwinuko unaingia pale hewa inapotoka kabla ya kushiba. Shinikizo la hapa ni karibu asilimia 82 ya lile la pwani, kwa hiyo mvuke unasambaa haraka zaidi kwa takriban moja ya tano. Swali la kujibiwa ni hilo: hewa inayotoka imeshiba au haijashiba?

#6 KijanaWaRuaraka
Mwalimu, kwa hiyo mwinuko bado umo. Asante kwa kunitetea.

#7 Mwl_Fizikia
Sijakutetea. Nimekupa mtihani.

#8 Fundi_BabaDogo
Imeshiba. Wino unaingia tangini umechanganyika na viputo, hewa na wino vinakuwa vimeshikana njia nzima ya bomba la kurudi. Nusa bomba la kupumulia uone kama utabaki umesimama.

#9 Kilindini_Kwetu
Wabara mmeanza kutafuta sababu mawinguni. Supa, uliza kwanza kama printa yako ya huku Mombasa iko chumba cha AC. Viwanda vingi huku vinaweka mashine zenye umeme mwingi mahali pa baridi kwa sababu ya unyevu na chumvi. Halafu ya Nairobi iko wapi, karibu na nini?

#10 Supa_LungaLunga
@Mama_Bechi stima inapotea, lakini tuna jenereta na kuna betri ya kuishikilia printa.
@Kilindini_Kwetu umenifikirisha. Ya Mombasa iko chumba cha kujazia chenye AC, kweli. Ya hapa iko upande wa pili, kando ya tanuri la kubanishia plastiki za katoni. Hatukuwa na nafasi kwingine.

#11 Mwl_Fizikia
Tanuri! Mbona hili halikuwa #1? Solventi ya wino wa aina hii kwa kawaida ni MEK. Inachemka karibu nyuzi 80. Ukiitoa nyuzi 20 ukaipeleka 40, shinikizo la mvuke wake linapanda zaidi ya mara mbili. Hilo linafunika mwinuko wote wa Kijana.

#12 KijanaWaRuaraka
Halinifuniki. Ipo dalili nyingine ya mwinuko hujaitaja. Hewa nyepesi inaruhusu cheche kuruka kwa volti ndogo zaidi. Supa, volti kubwa ya zile sahani inajikata mara ngapi hapa ukilinganisha na Mombasa?

#13 Supa_LungaLunga
Hapa inajikata mara kwa mara. Mombasa nasikia ni nadra.

#14 Fundi_BabaDogo
Volti ikijikata, mimi kwanza naangalia sahani. Mkondo ukikatika vibaya, nyuma ya kila tone kubwa kinabaki kitone kidogo. Kitone hicho ni chepesi, kina chaji, kinavutwa na kugonga sahani. Vikijilimbikiza vinafanya ukoko, umeme unapata daraja. Kinachovizalisha ni wino kubadilika uzito. Kwa hiyo ukoko kwenye sahani na mekapu inayoisha vinaweza kuwa ugonjwa mmoja.

Chukua kioo cha kukuzia, washa ile taa ya kumweka iliyo ndani ya kichwa, tazama mkondo ukikatika. Wino ukiwa sawa utaona matone yamejipanga kama punje za tasbihi, yametengana, mviringo, hakuna mkia. Ukiona nyuzi kati ya punje, acha kulaumu hewa ya Nairobi.

#15 Wakili_wa_Mashine
Tumeingia moja kwa moja kwenye matengenezo, hakuna aliyeuliza mambo haya yalitoka wapi. Printa za wino zote ni kazi ya HP, miaka ya themanini. Hizi za viwandani ni watoto wake.

#16 Mzee_wa_Prin
Hapana, ndugu wakili. Hizi za mkondo unaoendelea ni kongwe kuliko hizo. Richard Sweet wa Chuo Kikuu cha Stanford aliomba hataza ya matone yenye chaji 1964, akapewa 1971. Naye alisimama juu ya kazi ya Lord Rayleigh, aliyeandika 1878 jinsi mkondo wa kimiminika unavyokatika kuwa matone. Siemens kule Ulaya walikuwa na kifaa cha kuandika kwa mkondo wa wino, hataza ya mvumbuzi Elmqvist, 1951. Domino, kampuni ya printa hizi ambayo mafundi wote hapa wanaijua, ilianza Cambridge 1978, na Brother ya Japani ikainunua 2015.

HP wanahusika na jambo lingine, la kuchemsha wino hadi kiputo kisukume tone. Hata hapo hawakuwa peke yao. Canon, 1977, Ichiro Endo aliona sindano yenye wino ikirusha matone baada ya kuguswa na chuma cha moto cha kuchomelea waya. John Vaught wa HP alifika palepale kwa njia yake 1979, na printa yao ya ThinkJet ikaingia sokoni 1984.

#17 Wakili_wa_Mashine
Nimepokea, mzee. Hiyo ya sindano ni nzuri.

#18 Mwl_Fizikia
Niongeze juu ya Rayleigh kwa sababu ni hesabu ninayoipenda. Mkondo hukatika kwa wepesi zaidi ukitikiswa kwa mawimbi yenye urefu wa karibu mara 4.5 ya kipenyo chake. Chukua zile mikroni 70 za fundi: wimbi ni mikroni 315. Gawa mita 20 kwa sekunde kwa mikroni 315, unapata mitikisiko kama 63,000 kwa sekunde. Rudi #3 usome fundi alisema ngapi. Nawapa wanafunzi wangu wa fomu four hesabu hii, na wanapoona tarehe kwenye chupa ya maji hawaitazami tena vilevile.

#19 Mama_Unga
Wakubwa, mimi nafungasha unga, mifuko ya karatasi na bale. Baada ya kuteswa na vumbi la unga kwenye guta, tulihamia printa za katriji, zile za kiputo alizosema mzee. Kichwa kiko kwenye katriji yenyewe. Nozo zikifa unatoa katriji, unaweka nyingine, unaendelea. Hakuna pampu, hakuna tangi, hakuna mekapu, hakuna harufu. Kwangu huo ndio uvumbuzi. Supa, achana na mambo ya guta.

#20 Fundi_BabaDogo
Mama, kwa karatasi sawa kabisa. Kwa chupa ya Supa hapana. Katriji inataka ukaribu wa milimita chache. Shingo ya chupa imepinda na inayumba kwenye mkanda. Printa ya mkondo inarusha tone mbali zaidi na inakimbia na laini yenye kasi. Tena chupa iliyojazwa maji ya baridi inatoka jasho. Wino wa MEK unakauka kabla hujapepesa jicho, ndiyo sababu tunavumilia harufu yake.

#21 Mama_Unga
Nimeelewa. Lakini ukiacha katriji wazi ikapoa wakati wa chakula, mistari michache ya kwanza inatoka na mapengo. Tunaifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, inarudi.

#22 DadaDTF_RiverRoad
Hiyo ya mapengo ndiyo maisha yetu huku mjini. Nachapa fulana, na adui yangu ni wino mweupe. Rangi yake ni titani dioksidi, nzito kama mara nne ya maji. Ukiiacha usiku inazama chini ya bomba, asubuhi nyeupe yako ni maziwa yaliyotiwa maji, nozo nusu zimeziba. Printa yangu ya kwanza ilikuwa haina mzunguko wa wino. Ya sasa inazungusha na kukoroga nyeupe hata ikiwa haifanyi kazi, mradi usiizime ukutani. Tofauti ni usiku na mchana. Kura yangu: mzunguko.

#23 Mzee_wa_Prin
Dada amegusa jambo kubwa. Mzunguko wa kwenye tangi ni mmoja, mzunguko wa ndani ya kichwa ni mwingine. Kampuni ya Xaar, nao wa Cambridge, walitoa kichwa cha Xaar 1001 mwaka 2007 ambacho wino unapita nyuma ya nozo bila kusimama, tone litoke au lisitoke. Kiputo kikiingia kinasombwa, uchafu unasombwa, rangi nzito haipati muda wa kuzama. Viwanda vya vigae vilikipokea kwa mikono miwili kwa sababu wino wao una rangi za madini yaliyosagwa. Kabla ya hapo kiputo kimoja kilitosha kuchora mstari mweupe kwenye sakafu nzima ya mteja.

Supa, huo ni uvumbuzi wa kichwani kabisa. Hoja yako ya #1 imeyumba.

#24 Supa_LungaLunga
Haijayumba, mzee. Umeniambia kwamba kichwa kilipona siku kilipoanza kutunza wino.

#25 Piezo_Kasarani
Nafanya na vichwa vya piezo vya kuchapa mabango. Mnasahau umeme unaokiendesha kichwa. Siku hizi bodi inatuma pigo dogo lisilotosha kurusha tone, linatikisa tu uso wa wino mdomoni mwa nozo ili usigande. Halafu programu ikijua nozo fulani imekufa, inaziambia jirani zake zitoe tone kubwa kidogo kufunika pengo. Mteja haoni. Haya hayana pampu wala bomba, ni mpangilio wa umeme peke yake.

Na kwa wale wa mwinuko: wino uliofungwa usawa wa bahari ukifunguliwa Nairobi unaachia hewa iliyoyeyuka ndani yake, kama inavyotakiwa na shinikizo kushuka. Mimi wino mpya naufungua, nauacha utulie kabla ya kuumimina. Viputo vimepungua.

#26 KijanaWaRuaraka
Nimerudi hai. Hesabuni: cheche, viputo, mvuke. Mwinuko umo kote.

#27 Kilindini_Kwetu
Kijana, utasema hata foleni ya Outering ni mwinuko.

#28 Jirani_wa_Mlolongo
Samahani kuingia katikati. Hakuna aliyetaja mekapu isiyo yake. Kuna watu wanajaza upya chupa za solventi, lebo safi, bei nafuu. Nilipewa moja, rangi ya wino ikabadilika na nambari zikawa zinatoka kwa kidole kwenye plastiki. Mashine inapima uzito wa wino, ikiona umezidi inaongeza mekapu. Ukiipa solventi isiyofanana, kipimo kinadanganywa, inaongeza na kuongeza. Supa amesema muuzaji ni mmoja, lakini kati ya muuzaji na stoo kuna mikono mingapi?

#29 Mama_Bechi
Hilo ndilo wanalojitetea nalo waliotuwekea katriji zenye chipu, kwamba zinazuia feki. Kwangu zimezuia pia nafuu. Chipu inaniambia tarehe imepita ilhali chupa imejaa. Uvumbuzi wa kumlinda muuzaji usiwekwe kundi moja na wa kumsaidia mchapaji.

#30 Fundi_BabaDogo
Dada, chipu imewaokoa wengi. Nimewahi kufungua tangi lililotiwa wino wa aina mbili zisizopatana, ndani kulikuwa na uji mweusi. Mfumo mzima ulitupwa: filta, pampu, mabomba, kichwa. Chipu ingekataa siku ya kwanza. Hiyo ya tarehe kupita hata mimi inaniudhi.

@Supa kuna kitu kingine cha kuuliza unapofanya bajeti. Baadhi ya mashine mpya zina kipozeo kwenye bomba la kupumulia. Mvuke unapoozwa, solventi inarudi kuwa kimiminika na kuingia tangini. Kwa printa iliyo karibu na tanuri, hicho kitafanya kazi kuliko kichwa chochote cha kwenye kipeperushi.

Na tafadhali, MEK inawaka hata chini ya nyuzi sifuri, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Kuiweka jirani na tanuri ni jambo la kuzungumza na mtu wa usalama leo, si mwezi ujao. Ukiosha kichwa kwa mkono, tumia chombo cha chuma kilichofungwa waya wa ardhi, kwa sababu matone yenyewe yana chaji.

#31 Supa_LungaLunga
Nimekusikia, fundi. Nimemwona meneja. Wikendi tunahamisha printa upande wa mjazo na kuiwekea bomba la kutoa mvuke nje ya ukuta. Kabati inasoma nyuzi 41 sasa hivi mchana.

Ila kuna jambo. Nimeomba wa Mombasa wanipe saa ilizowashwa. Yao imewashwa saa nyingi kuliko yangu na bado inatumia kidogo. Na msimamizi wa huko ameniambia kwamba pampu ya guta ilibadilishwa kitambo, na tangu hapo ndipo mekapu yao iliposhuka. Sikujua kabisa.

#32 Mwl_Fizikia
Basi hatujawahi kulinganisha mashine mbili zinazofanana. Ukihamisha, usiguse pampu wala mvuto wa guta kwanza. Badilisha kitu kimoja, uandike, ndipo ubadilishe kingine.

#33 KijanaWaRuaraka
Na baada ya hapo upeleke ya Nairobi Mombasa, ndipo tutajua.

#34 Fundi_BabaDogo
Pampu waliyoweka ni ya aina gani? Mwambie apige picha ya bamba lililo ubavuni, na asome mvuto wa guta mashine ikiwa imepata moto, si asubuhi inapowashwa.

#35 Kilindini_Kwetu
Supa, nipe eneo la kiwanda faraghani. Niko karibu na huko Alhamisi, nitapita niisome mwenyewe.